Ubaridi Unaojengwa kwa Mwiko

Mapema Oktoba, na tena mapema Machi, jua la saa sita hupita utosini kabisa juu ya Kazimia. Mtu akisimama uwanjani, kivuli chake humwangukia miguuni. Saa hiyo mabati ya shule na ya kituo cha afya hupokea moto wote wa mbingu, na walio chini yake hutambua mara moja kama jengo lao lilifikiriwa au lilijengwa tu. Lililofikiriwa huwaacha waendelee na kazi. Lililojengwa tu huwatoa nje wakatafute mwembe.

Mashine ya kupooza hewa si jibu katika mwambao huu wa Fizi, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Umeme hutoka zaidi kwenye paneli za jua na jenereta, na kila lita ya mafuta imesafiri mbali kabla haijawaka. Hata pale paneli zilipo, umeme wake una wenyewe tayari. Friji ya chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8, mchana na usiku. Wodi ya wazazi lazima iwe na taa mama anapojifungua saa nane za usiku. Kinachobaki ni kidogo mno kuendesha ubaridi wa jengo zima. Basi ubaridi huo lazima utoke kwa fundi, na utoke kabla jengo halijafunguliwa.

Ufundi huu naupenda, nami naona unastahili kutazamwa polepole, kwa mpangilio wake wenyewe, kuanzia kamba ya kwanza inayovutwa ardhini hadi bati la mwisho.

Kazi huanza kwa kusimama tu. Fundi mzuri akiletwa kwenye kiwanja hashiki jembe siku hiyo. Huangalia jua linatokea wapi na linazama wapi. Hapa ziwa liko mashariki na milima iko magharibi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kuchukua nafasi. Usiku mambo hugeuka: milima hupoa, na hewa yake huteremka kuelekea majini. Kiangazi, Juni hadi Agosti, huongeza upepo wake wa kusini-mashariki unaokwenda na urefu wa ziwa. Wavuvi wa ndagala hufuata pepo hizi kila siku ya maisha yao. Fundi naye huzifuata, ila chombo chake hakitasogea tena kikishatia nanga.

Papo hapo ugumu wa kwanza hujitokeza. Upepo wa mchana hutoka mashariki, na jua kali la asubuhi hutoka huko huko. Anayefungua madirisha makubwa upande wa ziwa kwa ajili ya upepo na mandhari huingiziwa jua hadi kitandani mwa mgonjwa. Anayeziba upande huo hukosa hewa. Waashi waliokomaa huitatua kesi hii kwa mwelekeo. Jengo hulazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, ili kuta fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni, na kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Upepo wa kusini-mashariki hugonga ukuta mrefu kwa mshazari, na upepo wa mshazari huzunguka chumbani vizuri zaidi kuliko ule unaoingia moja kwa moja na kutoka moja kwa moja. Mahali pengine fundi hujenga ukingo wa matofali kando ya dirisha, uliotokeza nje ya ukuta kidogo, ili kuudaka upepo unaopita na kuugeuza uingie ndani.

Uzuri wa uamuzi huu ni kwamba haugharimu hata faranga moja. Kamba na mambo ni zile zile, matofali ni yale yale. Tofauti iko katika asubuhi moja ya kuangalia kabla ya kuchimba. Lakini jengo likishakaa vibaya, hakuna pesa itakayoligeuza.

Kisha huja udongo. Tangu 2005, wakimbizi wa Fizi walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, kujenga upya kumekuwa kazi ya kila kijiji mwambaoni, na kufyatua matofali kumekuwa riziki ya vijana wengi. Anayeijua kazi hii huchukua udongo mkononi, akaulowesha, akauviringisha hadi uwe mrefu na mwembamba. Ukikatika mapema mno, mchanga umezidi. Ukirefuka bila kukatika na kung'ang'ania vidoleni, mfinyanzi umezidi, na tofali litapasuka likikauka. Udongo wa kichuguu hupendwa kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchambua. Tofali likitoka kwenye kalibu hufunikwa nyasi ili likauke taratibu, na baada ya siku chache husimamishwa kwa ubavu. Haraka ya hatua hii huonekana miaka mitatu baadaye, mvua ya masika inapoanza kuukwangua ukuta.

Hapo ufundi hugusana na msitu. Tanuru moja la matofali hula mzigo mkubwa wa kuni, na milima iliyo nyuma yetu, hadi Itombwe, ndiyo inayotupa mvua na vijito. Jengo haliwezi kuitwa la kijani ikiwa ubaridi wake umenunuliwa kwa kukausha chemchemi ya kijiji jirani. Kwa hiyo nawathamini sana mafundi wanaojua kujenga kwa tofali lisilochomwa. Tangu miaka ya 1950 kuna mashine ya mkono ya kushindilia udongo, iliyobuniwa Colombia na Raúl Ramírez, ambayo mtu mmoja huibonyeza kwa mtaimbo mrefu bila mafuta wala umeme. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, sehemu 5 hadi 10 kwa mia, hushindiliwa, kisha matofali hukaa kivulini yakinyunyiziwa maji kwa wiki kadhaa. Hayo maji ya wiki kadhaa ndiyo mtihani wa uvumilivu. Wengi hufeli hapo, kisha huisingizia mashine.

Kongo yenyewe ina shahidi wa njia hii. Shule ya msingi ya Ilima, katika msitu wa mkoa wa Tshuapa, ilikamilika 2015 kwa ushirikiano wa shirika la uhifadhi African Wildlife Foundation na wasanifu wa MASS Design Group. Ilima iko mbali na barabara nzuri, na kusafirisha saruji na mabati hadi huko kungekula bajeti yote. Karibu vifaa vyote vilitafutwa ndani ya kilomita 10: kuta zikawa za udongo wa pale pale, paa likaezekwa kwa vigae vya mbao vilivyochanwa kwa mkono. Kuta hazikupandishwa hadi paani. Juu yake pameachwa nafasi, hewa moto ya darasani ikapata mlango wake. Watoto wa Ilima wanasoma ndani ya kazi ya mikono ya wazazi wao.

Sasa ukuta wenyewe. Utazame mwiko wa fundi mwenye subira. Kwanza hulilowesha tofali lililochomwa, kwa sababu tofali kavu hunywa maji ya udongo wa kuungia na kuuacha ukiwa vumbi. Huvuta kamba, hushusha timazi, hulaza tofali moja kwa urefu na linalofuata kwa upana ili yashikane, na kiungo kimoja kisikae juu ya kingine. Ukuta wa tofali zima namna hiyo, wenye unene wa sentimita 20 na zaidi, hulichelewesha joto la nje kwa takriban muda wa saa sita kabla halijafika ndani. Jua linaloupiga ukuta wa magharibi saa kumi jioni huingia chumbani karibu na saa nne usiku.

Jambo hili ni zuri au baya kutegemea nani yumo ndani saa nne usiku. Darasani hakuna mtu, na joto litakuwa limetoka kabla ya kengele ya asubuhi. Katika wodi ya wazazi yumo mama na mtoto wa siku moja. Ndiyo maana fundi mwerevu haulizi tu jengo lina vyumba vingapi. Huuliza linatumika saa ngapi. Shule huipa kuta nene bila wasiwasi. Wodi huipa kuta nene pia, lakini upande wa magharibi huweka stoo, choo au baraza, na huacha matundu ya juu ya kuingiza hewa ya usiku inayoteremka mlimani. Baraza ni hekima ya kale katika nchi zetu. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultan Barghash 1883, ilizungushiwa baraza pana ghorofa kwa ghorofa, jua likabaki mbali na kuta za ndani. Zahanati ya vyumba vinne inaweza kuazima wazo hilo hilo kwa nguzo sita za mti.

Lakini ukuta mzito una hatari yake katika bonde hili la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, na nyumba zilianguka katika mji wa Kalemie. Fundi anayependa ukuta mnene kwa ajili ya ubaridi ana deni la kuufunga: mkanda wa zege lenye nondo juu ya madirisha, unaozunguka jengo zima bila kukatika, na pembe zilizoshikana vizuri. Mkanda huo ukishapigwa lipu hauonekani, na hakuna mgeni wa sherehe ya ufunguzi atakayeusifu. Ndiyo sababu nausifu hapa.

Baada ya ukuta huja matundu, na hapa ndipo mkono wa bingwa hutambulika. Hewa haiingii mahali isipokuwa ina pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja kubwa hubaki na joto. Chenye madirisha mawili ya wastani yanayotazamana hupumua. Bingwa huweka mwingilio chini, usawa wa mtu aliyelala au aliyeketi, na mtokeo juu, karibu na dari, kwa sababu hewa moto hupanda. Kadiri umbali kati ya tundu la chini na la juu unavyoongezeka, ndivyo hewa inavyovutika hata siku isiyo na upepo. Pale juu hupanga matofali yenye matundu, yale ambayo mafundi wetu huyaita klostra. Mwizi hapiti, mvua haipigi ndani, hewa haikatazwi. Na kwa kuwa malaria ni adui wa kila nyumba hapa, anajua kwamba wavu wa mbu hupunguza sana upepo, hivyo hulipanua dirisha tangu mwanzo ili libaki na nguvu baada ya kufungwa wavu. Akiweza kuchagua, huweka luva zinazofunguka zote kuliko dirisha la kusukuma ambalo daima hufunga nusu ya nafasi.

Katika kituo cha afya hewa hii ni tiba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, lilipendekeza lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida, na lita 160 mahali pa wagonjwa wa maradhi yanayoenezwa kwa hewa, kama kifua kikuu. Viwango hivyo vinaweza kufikiwa bila mashine, jengo likipangwa sawasawa. Hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa 2011 na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na Partners In Health, ilijengwa kwa fikira hiyo. Korido ziliwekwa nje, ili anayekohoa na anayesubiri sindano wasibanane katika njia moja iliyofungwa. Vitanda viliwekwa katikati ya wodi, mgonjwa akatazamana na dirisha na milima. Mapangaboi makubwa yanayozunguka polepole husukuma hewa kuelekea matundu ya juu. Kuta zake ni za mawe ya volkano ya Virunga, ambayo wakulima wa pale walikuwa wakiyaona kero shambani. Waashi wa Burera waliyachonga na kuyapanga kwa mkono hadi viungo vikawa vyembamba, na watu kutoka nchi nyingi huenda kuzitazama kuta hizo.

Butaro iko juu milimani, na hilo lanikumbusha nusu ya pili ya jambo hili. Fizi si mwambao peke yake. Kutoka Kazimia, iliyo kwenye usawa wa ziwa, mita 770 hivi juu ya bahari, mtu akipanda hadi nyanda za juu za Minembwe hukutana na usiku wa baridi kali. Fundi yule yule, kwa mwiko ule ule, sasa lazima atunze joto. Ukuta mnene hubaki rafiki, kwa sababu jua la mchana hufika ndani usiku, wakati linapohitajika. Madirisha hupungua na kufungwa vizuri, dari huzibwa, mlango huwekewa kizingiti. Anayejua kwa nini jengo la ziwani lina umbo lile ndiye anayejua kulibadilisha akifika mlimani. Aliyekariri ramani moja hujenga tanuru pwani na jokofu mlimani.

Paa nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linaloharibu au kuokoa yote. Katika nchi iliyo chini kidogo ya ikweta, jua hulipiga paa kuliko ukuta wowote. Bati lililopata kutu linaweza kupita nyuzi 60 mchana, na pasipo dari hummwagia joto hilo kila aliye chini yake. Mvua nayo ikianza, mwalimu hunyamaza, kwa kuwa hakuna atakayemsikia. Dawa zake ni tatu, na zote fundi wa Kazimia anazo. Ya kwanza ni upenu mrefu. Paa likitoka mita moja nje ya ukuta, adhuhuri ya Desemba kivuli chake huufunika ukuta wa kusini karibu mita tatu, yaani wote. Na adhuhuri ya Juni huufunika ule wa kaskazini karibu mita mbili, yaani dirisha lote. Ya pili ni dari, hata iwe ya matete yaliyosukwa na kupakwa udongo mwembamba. Ya tatu ni nafasi kati ya dari na bati, iliyo wazi pande zote mbili, ili upepo upite humo na kulichukua joto kabla halijashuka.

Dawa hii ya tatu ndiyo iliyompa heshima duniani mwana wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Francis Kéré alijenga shule ya kijiji chake 2001 kwa matofali ya udongo, akaweka dari ya matofali yenye nafasi, na juu yake akainua paa la bati kwa kenchi alizounganisha kutoka kwenye nondo za kawaida. Bati likipata moto, hewa iliyo chini yake hukimbia, nayo huivuta ile ya darasani. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan 2004, na 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu. Kazi yake imefika hadi kwetu Afrika Mashariki. Kando ya Ziwa Turkana, Kenya, chuo cha Startup Lions kilichokamilika 2021 kina minara mirefu ya kutoa hewa moto, iliyobuniwa kwa kutazama vichuguu vya eneo lile. Vichuguu kama hivyo tunavyo, na ziwa tunalo.

Jengo la namna hii lina sharti moja: linahitaji watu wanaoliendesha. Mtu afungue luva za chini jioni ili usiku uoshe joto la kuta, na azifunge nusu jua linapopanda. Mtu apake chokaa nyeupe kila mwaka. Mtu aache matawi ya juu ya mwembe yatie kivuli na apogoe ya chini ili upepo upite. Mlinzi wa usiku akifundishwa kazi hii mara moja, tayari ni fundi wa hewa wa kituo chote.

Nimalizie kwa ombi kwa wanaoshika fedha: kamati za CODESA za vituo vya afya, kamati za wazazi mashuleni, machifu, makanisa na mashirika yanayokuja na ramani zao. Nyote mnajua kinachotokea bajeti inapopungua. Dari hufutwa kwanza, upenu hukatwa, dirisha la pili huzibwa, na unene wa ukuta hugawanywa kwa mbili. Vitu hivyo vinne ndivyo ubaridi wenyewe. Punguzeni kwanza rangi, geti, jiwe la msingi lenye majina na sherehe ya ufunguzi. Mleteni fundi kiwanjani kabla ya ramani kutiwa saini, mmlipe siku yake ya kusimama na kutazama, na yale atakayosema kuhusu jua na upepo yaandikwe ndani ya mkataba.